Je, Wajua? Linux Huhama Diski Bila Kusakinishwa Upya

Diski ikijaa, wengi huanza moja: wanasakinisha mfumo upya, wanatafuta programu zao moja baada ya nyingine, kisha wanahangaika kurudisha mipangilio waliyoizoea kwa miaka. Kazi hiyo si ya lazima. Linux iliyokaa kwenye diski ya gigabaiti 320 inaweza kuhamia diski ya terabaiti 1 ikiwa nzima, pamoja na programu zake, nywila zake na kila faili ya mwenyewe. Haya ndiyo ya kujua kabla hujashika bisibisi.

ILIKOTOKA

Je, wajua kwamba diski kuu ya kwanza kuingia sokoni, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu? Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo huenda isienee humo.

Je, wajua kwamba Linus Torvalds alipoutangaza mradi wake wa Linux tarehe 25 Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitahadharisha kwamba pengine mfumo huo hautafanya kazi na diski za aina nyingine ila zile za AT? Sababu yake ilikuwa nyepesi: hizo ndizo alizokuwa nazo. Leo kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inazitambua diski za SATA, SAS, NVMe na za USB.

Je, wajua kwamba Torvalds mwenyewe aliwahi kuharibu diski yake kwa kukosea jina la kifaa? Alitaka kompyuta ipige simu chuoni kupitia modemu, lakini amri akaielekeza kwenye diski. Patisheni yake, yaani sehemu ya diski, iliyobeba Minix, mfumo aliokuwa akiutumia kila siku, ikaharibika. Hakuirudisha. Aliamua kuendelea na Linux peke yake.

Je, wajua kwamba Linux ya mwanzo ilitumia mfumo wa faili wa Minix, ambao haukuweza kupita megabaiti 64? Mwaka 1992 Rémy Card alileta ext, uliofika gigabaiti 2. Mrithi wake ext4, uliotangazwa kuwa imara mwaka 2008, umeundwa kumudu hadi eksabaiti 1. Diski yoyote utakayoikuta dukani leo itaenea humo bila shida.

KABLA YA KUNUNUA

Je, wajua kwamba pengine diski yako haijajaa vitu vyako? Amri ya df -h hukuonyesha nafasi iliyobaki, na du hukuonyesha ni folda gani inayoila. Kwenye Debian na Ubuntu, vifurushi vya programu vilivyokwisha kusakinishwa huweza kurundikana ndani ya /var/cache/apt/archives, na amri ya apt clean huviondoa. Kumbukumbu za mfumo nazo, zinazotunzwa na journald, kwa kawaida huruhusiwa kukua hadi gigabaiti 4. Safisha kwanza. Pengine fedha ya diski mpya itafanya kazi nyingine.

Je, wajua kwamba diski mbili za M.2 zinaweza kufanana kwa umbo na bado moja ikagoma kwenye kompyuta yako? Zipo za M.2 zinazotumia njia ya SATA na zipo zinazotumia NVMe. Tundu linaweza kukubali aina zote mbili au moja tu. Soma maelezo ya kompyuta yako kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba unene nao huhesabika? Diski za inchi 2.5 hutengenezwa kwa unene wa milimita 7, 9.5 na hata 15. Kompyuta mpakato nyingi nyembamba hupokea za milimita 7 tu. Diski ya terabaiti nyingi yenye milimita 15 haiingii humo hata ukiilazimisha.

Je, wajua kwamba kompyuta mpakato ya zamani yenye kisomeo cha DVD inaweza kubeba diski mbili kwa pamoja? Kisomeo huchomolewa, na mahali pake huwekwa fremu ndogo inayoshika diski ya pili. Hapo unahamisha mfumo bila kununua kebo ya USB, na diski ya zamani unaweza kuiacha humo kama ghala la nakala.

Je, wajua kwamba diski ya terabaiti 1 huonekana kuwa na gigabaiti 931 tu, na hujaibiwa? Mtengenezaji huhesabu kwa elfu: terabaiti 1 ni baiti 1,000,000,000,000. Programu nyingi huhesabu kwa 1,024. Gawanya, utaipata 931. Kwa hesabu hiyohiyo, diski ya gigabaiti 500 husomeka 465.

Je, wajua kwamba ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi mkuu wa mfumo, yaani root? Kwenye diski ya terabaiti 1, hiyo ni takriban gigabaiti 50. Akiba hiyo huuokoa mfumo siku mtumiaji anapojaza diski pomoni, lakini kwenye patisheni inayotunza picha na muziki tu, unaweza kuipunguza hadi asilimia 1 kwa amri ya tune2fs -m 1.

Je, wajua kwamba diski nyingi hutoa dalili kabla hazijafa? Zina mfumo wa kujichunguza uitwao SMART, na amri ya smartctl -a hukusomea taarifa zake. Kwa diski ya sahani, kodolea macho mistari miwili: namba 5, inayohesabu sekta zilizokufa zikabadilishwa kwa za akiba, na namba 197, inayohesabu sekta zinazosubiri hukumu. Zikiwa 0, endelea kwa utulivu. Zikipanda wiki hadi wiki, hama leo.

KUNAKILI

Je, wajua kwamba jina la diski yako linaweza kubadilika ukiizima kompyuta na kuiwasha tena? Iliyokuwa /dev/sda jana inaweza kuwa /dev/sdb leo, kwa sababu kerneli hugawa majina kwa kufuata ni ipi iliyoitika kwanza. Kabla ya kila amri nzito, andika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL kisha linganisha namba ya mtambo na ile iliyobandikwa juu ya diski yenyewe. Ukubwa peke yake si ushahidi, hasa diski zikilingana.

Je, wajua kwamba amri ya dd imekuwepo tangu Unix ya miaka ya 1970? Inahitaji mambo mawili: if= kwa chanzo, of= kwa mwisho wa safari. Ukizibadilisha, diski tupu itamwagwa juu ya diski yenye kazi zako zote, wala dd haitakuuliza kama una hakika. Majuto ni mjukuu. Zisome herufi hizo mbili kwa sauti kabla ya kubonyeza kitufe.

Je, wajua kwamba dd hunakili hata nafasi tupu? Diski ya gigabaiti 500 yenye faili za gigabaiti 60 tu itanakiliwa yote 500. Kupitia USB 2.0, inayopitisha kama megabaiti 35 kwa sekunde, kazi hiyo hula takriban saa 4. Kupitia USB 3.0, ikiwa diski ya zamani husoma megabaiti 100 kwa sekunde, hupungua hadi chini ya saa moja na nusu.

Je, wajua kwamba Clonezilla, programu ya bure inayowaka kutoka kwenye flashi, ilitengenezwa Taiwan katika kituo cha kitaifa cha kompyuta za kasi kubwa? Kwa kutumia Partclone, hunakili zile sehemu zenye data tu. Diski iliyotajwa hapo juu ingemaliza kazi kwa sehemu ndogo ya muda wa dd.

Je, wajua kwamba diski inayokufa haifai kunakiliwa kwa dd ya kawaida? Ikikutana na sekta mbovu, dd husimama. Tumia GNU ddrescue, kazi ya Antonio Díaz Díaz tangu mwaka 2004. Hii huokoa kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kupambana na zile ngumu, na huandika kwenye faili ya ramani mahali ilipofika. Umeme ukikatika, itaendelea kutoka palepale, mradi ramani ipo.

Je, wajua kwamba rsync, programu ya kunakili faili, ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wote wa Australia? Tridgell alieleza mbinu yake katika tasnifu ya udaktari. Uzuri wake kwa anayehama ni huu: ukiirudia mara ya pili, hunakili yale tu yaliyobadilika. Unaweza kuanza na nakala kubwa usiku, kisha asubuhi ukamalizia tofauti kwa dakika chache.

Je, wajua kwamba alama moja ya mkwaju hubadilisha kila kitu katika rsync? Ukiandika /mnt/zamani/ yenye mkwaju mwishoni, yananakiliwa yaliyomo ndani ya folda. Ukiandika /mnt/zamani bila mkwaju, inanakiliwa folda yenyewe, na mfumo wako utajikuta umewekwa ndani ya folda nyingine, mahali ambapo hautawaka.

Je, wajua kwamba rsync -a peke yake haitoshi kwa mfumo mzima? Herufi tatu za nyongeza zina kazi: H hutunza faili moja inayoonekana kwa majina mengi, A hutunza ruhusa za ziada, na X hutunza sifa zilizofichwa kwenye faili. Ukiiacha X, katika baadhi ya matoleo ya Linux hata amri ndogo kama ping hugoma kwa mtumiaji wa kawaida, kwa kuwa ruhusa yake ilikuwa imehifadhiwa katika sifa hizo. Amri kamili basi ni rsync -aAXH.

Je, wajua kwamba kupitishia mfumo kwenye flashi ya FAT32 ni kuuvunja? FAT32 haijui mwenye faili wala ruhusa za Linux, na haipokei faili inayofika gigabaiti 4. Ukivirudisha vitu kutoka humo, sudo itakataa kazi: inadai faili yake iwe mali ya root na iwe na alama maalumu ya ruhusa, na vyote viwili vimeshapotea njiani.

Je, wajua kwamba kuna faili ndani ya Linux inayoonekana kuwa na zaidi ya terabaiti 100, hata kwenye kompyuta yenye diski ndogo kabisa? Ni /proc/kcore kwenye mashine za biti 64. Haipo kwenye diski. Yote yaliyo ndani ya /proc, /sys, /dev na /run huundwa na mfumo kila unapowaka. Usiyanakili. Lakini folda zenyewe, zikiwa tupu, lazima ziwepo kwenye diski mpya, la sivyo mfumo hautakuwa na pa kuyaweka.

Je, wajua kwamba kunakili mfumo huku unaendelea kufanya kazi ni kubahatisha? Hifadhidata inaweza kuwa katikati ya kuandika: nusu ya kwanza ukaichukua kabla ya badiliko na nusu ya pili baada yake. Njia salama ni kuwasha kompyuta kwa flashi ya Linux, ili diski zote mbili ziwe zimetulia.

Na je, wajua kwamba kuna namna moja inayohamisha mfumo huku watu wakiendelea kuutumia? Ni LVM, programu ya kusimamia nafasi za diski kama kundi moja, iliyoandikwa kwa ajili ya Linux na Heinz Mauelshagen mwaka 1998. Ikiwa mfumo wako ulisakinishwa juu ya LVM, diski mpya huandaliwa kwa pvcreate, huingizwa kundini kwa vgextend, kisha pvmove huhamisha data kipande kwa kipande bila kuzima chochote. Umeme ukikatika katikati, washa tena na uandike pvmove pekee: itaendelea ilipoachia. Patisheni ya kuwashia tu ndiyo utakayoishughulikia kando.

KUWASHA

Je, wajua kwamba sababu mojawapo kubwa ya mfumo uliohamishwa kukataa kuwaka ni mstari mmoja wa maandishi? Kila patisheni iliyoandaliwa kwa mfumo wa faili wa Linux, kama ext4, ina kitambulisho cha biti 128 kiitwacho UUID. Ndani ya /etc/fstab mfumo umeandikiwa: patisheni yenye kitambulisho hiki, iweke hapa. Ukiunda patisheni mpya na kunakili kwa rsync, kitambulisho ni kipya lakini fstab bado inakitafuta cha zamani. Kompyuta itasubiri sekunde 90 mbele ya ujumbe usiosonga, kisha itakutupa kwenye hali ya dharura. Andika blkid, chukua kitambulisho kipya, kibandike mahali pa kile cha zamani. Tatizo limekwisha.

Je, wajua kwamba dd huleta tatizo la kinyume chake? Diski mbili hubaki na kitambulisho kimoja. Ukiziwasha zote pamoja, huenda ukadhani unatumia mpya kumbe uko kwenye ya zamani. Mfumo wa faili wa XFS hukataa kufungua patisheni mbili zenye UUID moja, na ule wa Btrfs unaweza kuchanganyikiwa kiasi cha kuharibu data. Mara ya kwanza washa diski mpya peke yake, ya zamani ikiwa imechomolewa.

Je, wajua kwamba jedwali la patisheni la kizamani, MBR, hukaa ndani ya baiti 512 za mwanzo wa diski? Baiti 446 ni za programu ya kuwashia, 64 za orodha ya patisheni 4, na 2 za mwisho ni sahihi. Kwa sekta za kawaida za baiti 512, MBR haioni mbali zaidi ya baiti 2,199,023,255,552. Ukinunua diski ya terabaiti 4 na kuitumia kwa MBR, karibu nusu yake haitatumika.

Je, wajua kwamba GPT, iliyochukua nafasi ya MBR, huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski? Ndiyo maana ukihamisha diski nzima kwa dd kwenda kubwa zaidi, nakala ile hujikuta katikati. Amri ya sgdisk -e huipeleka mwisho panapostahili.

Je, wajua kwamba kwenye kompyuta zinazowaka kwa UEFI, orodha ya mifumo ya kuwasha haikai kwenye diski? Imehifadhiwa ndani ya ubao mama, ikitaja kitambulisho cha patisheni. Ukibadilisha diski, orodha inaweza kuelekeza mahali pasipokuwepo. Tiba ni kusakinisha upya GRUB, programu ya kuwashia Linux, kwa grub-install. Ukiongeza --removable, GRUB hujiweka kwenye faili ya EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, ambayo kompyuta za kawaida za biti 64 huitafuta zikikosa maelekezo mengine.

Je, wajua kwamba chroot, amri utakayoihitaji ili kuingia kwenye mfumo mpya na kusakinisha GRUB kabla haujawahi kuwaka, ina asili katika toleo la saba la Unix la mwaka 1979? Kabla ya kuingia, unganisha /dev, /proc na /sys kwa mount --bind, kwani bila hizo grub-install haizioni diski.

Je, wajua kwamba diski ya Linux huweza kuwaka hata ikihamishiwa kompyuta ya kampuni nyingine? Viendeshi vya vifaa vingi vimo ndani ya kerneli yenyewe, tayari kutumika. Tena, kerneli hiyo iko chini ya leseni ya GPL tangu mwaka 1992: hakuna namba ya kuinunua upya wala ruhusa ya kuomba ili kubadilisha diski.

KUTANUA

Je, wajua kwamba baada ya dd, diski mpya ya terabaiti 1 bado itakuambia imejaa? Patisheni imehama na ukubwa wake wa zamani. Kuna hatua mbili: kwanza tanua patisheni, kwa mfano kwa GParted, kisha tanua mfumo wa faili ulio ndani yake. Kwa ext4, resize2fs hufanya hivyo hata mfumo ukiwa kazini. GParted hufanya hatua zote mbili kwa pamoja.

Je, wajua kwamba kikwazo cha kawaida cha kutanua ni patisheni ya swap, nafasi ya kusaidia kumbukumbu ya RAM, iliyokaa mara tu baada ya patisheni kuu? Nafasi mpya iko nyuma yake, na patisheni haiwezi kuruka nyingine. Ifute swap, tanua patisheni kuu, kisha unda swap mpya mwishoni. Ubuntu tangu toleo la 17.04 hutumia faili ya swap badala ya patisheni, hivyo wengi hawatakutana na kizuizi hiki.

Je, wajua kwamba ext4 hupunguzwa ikiwa imefungwa tu, ilhali XFS haikuundwa kupunguzwa? XFS hutanuka kwa xfs_growfs ikiwa wazi na kazini, lakini ukishaipa nafasi kubwa, usitegemee kuirudisha nyuma. Panga ukubwa mapema.

BAADA YA KUHAMA

Je, wajua kwamba rsync inaweza kukukagulia kazi yake? Ongeza herufi n na c: hailinganishi tarehe na ukubwa tu bali yaliyomo ndani ya kila faili, na haibadilishi chochote. Ifanye ukiwa bado kwenye flashi, diski zote mbili zikiwa zimetulia. Huchukua muda, nao ni muda uliotumika vizuri.

Je, wajua kwamba SSD, diski isiyo na sahani, inahitaji kuambiwa ni sehemu zipi zimeachwa wazi ili ihifadhi kasi yake? Kazi hiyo huitwa TRIM. Matoleo mengi ya leo huifanya mara moja kwa wiki kupitia fstrim.timer. Ikiwa umetoka kwenye diski ya sahani, hakikisha imewashwa.

Je, wajua kwamba kufuta SSD kwa amri ya shred si dhamana? Diski hizo hugawa maandishi mahali tofauti kila mara, hivyo data ya zamani inaweza kubaki pembeni. Kabla ya kuiuza au kumpa mtu, tumia amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya diski yenyewe, kama Secure Erase kwa SATA.

Je, wajua hatari kubwa kuliko zote ni ipi? Ni kuifuta diski ya zamani siku ileile. Mfumo mpya ukiwaka mara moja, hiyo si hukumu. Iweke ya zamani kabatini kwa mwezi mmoja. Zima na uwashe mara kadhaa, fungua barua zako, picha zako, hesabu za duka, tasnifu ya mwanao. Ukishahakikisha kila kimoja kimefika, ifute na uitumie kwa nakala rudufu, kwa sababu hata diski mpya ina siku yake ya kufa.